Nani Atasaga?

Hapa Tchomia, kwenye ufuko wa Kongo wa Ziwa Albert, ukitaka kuwagombanisha mume na mke wanaoishi kwa amani, mwambie mke kwamba Ijumaa kuna maombi ya usiku kucha. Mume hatasema kuwa maombi ni mabaya, nani athubutu? Atauliza tu, kwa sauti ya chini, nani atalala na watoto, nani atakuwa ufukweni mitumbwi ikirudi alfajiri, nani atawasha moto wa kukaushia. Ni maswali ya kweli. Samaki kapiteni aliyetolewa ziwani usiku hamngojei mtu amalize kusali. Asipopasuliwa, akatiwa chumvi na kupandishwa kwenye moshi kabla jua halijawa kali, ameoza, na minervali, karo ya watoto, imeoza pamoja naye. Kazi hiyo ni ya wamama. Mwanamume anavua, na kwa desturi ya ufuko huu mkono wake unaishia pale mtumbwi unapogusa mchanga.

Swali la mume huyo limekuwa likinifuata tangu nilipoanza kusoma habari za wanawake wa India ya kale waliojulikana kwa kumpenda Mungu kupita kiasi. Nilitarajia kukuta huko njozi, nyimbo na miujiza, na yote hayo yapo. Sikutarajia kukuta kazi za nyumbani.

Mtazame Janabai. Aliishi magharibi ya India, katika nchi ya Wamaratha, karne ya 13 kuingia ya 14. Alipelekwa angali mtoto kuwa mtumishi katika nyumba ya fundi cherehani mmoja, na mtoto wa nyumba hiyo, Namdev, akaja kuwa mtakatifu mkubwa na mtunzi wa nyimbo. Janabai naye alitunga. Katika nyimbo zake anajitaja kuwa kijakazi wa Namdev, hana cheo kingine. Masimulizi yanasema mungu Vitthal, yule anayeabudiwa Pandharpur, alikuwa akishuka usiku kumsaidia. Alikaa naye kwenye jiwe la kusagia, akashika mpini, wakasaga nafaka pamoja. Alifagia naye, akamtekea maji, akaokota naye mavi ya ng'ombe ya kuwashia moto. Siku nyingine alimfungua nywele akamtoa chawa.

Sasa linganisha na wanaume wa mkondo huohuo. Dnyaneshwar, inasimuliwa, aliamuru ukuta utembee nao ukatembea. Alimgusa nyati kichwani nyati akakariri maandiko matakatifu. Namdev alipofukuzwa mbele ya hekalu, hekalu zima liligeuka likamwelekea yeye. Hiyo ni miujiza ya watu ambao chakula chao kimeshapikwa na mtu mwingine. Muujiza wa Janabai ni kwamba kuna mtu alikuja kumsaidia kazi. Nimezunguka maandiko mengi ya dini, na sijui kisa kinachosema ukweli mwingi zaidi juu ya mwanamke na ibada. Kabla hajauliza kama Mungu anamsikia, anauliza nani atasaga.

Mkondo wenyewe unaitwa bhakti, njia ya mapenzi na kujitoa. Ulianza kusini, kwa Watamil, yapata karne ya 6, ukapanda kaskazini taratibu kwa miaka elfu moja: Karnataka karne ya 12, kwa Wamaratha karne ya 13, Kashmir ya 14, Rajasthan ya 16. Kabla yake, kumfikia Mungu kulihitaji Kisanskriti, kuhani Mbrahmani na kafara iliyopangwa bila kosa. Mwanamke na mtu wa tabaka la chini hawakuruhusiwa hata kuzisikia Veda zikisomwa, na sheria inayohesabiwa kuwa ya Manu ilimweka mwanamke chini ya baba, kisha mume, kisha mwana wake wa kiume. Washairi wa bhakti walimwimbia Mungu kwa lugha ya sokoni na ya jikoni. Sisi wa huku hatuhitaji maelezo marefu: bibi aliyekaa kimya miaka yote ya misa ya Kilatini, ilipokuja misa ya Kiswahili ndiye aliyeanzisha wimbo.

Lakini mlango haukuwa mpana kama unavyosifiwa. Watakatifu wa mungu Shiva katika nchi ya Watamil ni 63, na wanawake kati yao ni watatu. Wale wa Vishnu ni 12, na mwanamke ni mmoja tu, Andal, binti aliyelelewa na mfuma maua wa hekalu la Srivilliputhur, aliyekuwa akijivika kwa siri shada la mungu kabla halijapelekwa kwake. Akakataa kuolewa na binadamu. Wanasema alipofikishwa hekaluni Srirangam alitoweka ndani ya sanamu, na hapo hapakuwa tena na mtu wa kumtafutia mchumba.

Kati ya wale watatu wa Shiva yupo mmoja ambaye kisa chake kinanishtua kila nikikirudia. Jina lake la nyumbani lilikuwa Punitavati, mke wa mfanyabiashara katika bandari ya Karaikkal. Siku moja mume alimtumia maembe mawili ayaweke hadi saa ya chakula. Akaja mtu wa Mungu akiwa na njaa, Punitavati akampa embe moja. Mume alipokuja kula akapewa lililobaki, akalifurahia, akaomba la pili. Hapo Punitavati angeweza kusema, nimempa masikini. Hakusema. Alikwenda kando, akaomba, embe likashuka mkononi mwake. Mume akalionja na kujua kwamba embe hili halikuwa lake. Lilipita utamu wote anaoufahamu. Akamwuliza limetoka wapi. Alipoambiwa ukweli hakuamini, akataka aone jingine. Likaja jingine, na liliposhikwa mkononi mwake likatoweka.

Mume aliogopa. Alipanda merikebu, akahamia mji mwingine, akaoa tena, na binti aliyemzaa akampa jina la Punitavati. Ndugu walipomleta mke wa kwanza mbele yake, alianguka miguuni pake pamoja na mke mpya na mtoto, akasema huyu si mtu wa kuishi naye, ni wa kuabudiwa. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Mwanamke ameachwa, na kuachwa kwenyewe kumefanywa kwa kusujudiwa. Hakuna mzee wa ukoo anayeweza kuketi kusuluhisha kesi ya namna hiyo. Punitavati alimwomba Shiva amwondolee nyama na uzuri aliokuwa ameutunza kwa ajili ya mume, akawa mzuka, mifupa na ngozi, na kwa heshima ya mlima wa mungu akaupanda kwa kutembelea mikono, kichwa chini. Shiva alipomwona alimwita Mama. Huyo ndiye Karaikkal Ammaiyar. Katika mahekalu ya kusini, watakatifu wale 63 wanapopangwa mstari, wenzake wamesimama, yeye ameketi.

Sekkizhar, aliyeandika maisha ya watakatifu hao katika karne ya 12, anasimulia yote haya kwa kumsifu. Mimi nasoma na kuona nyumba ambamo mke anaogopa kukiri kwamba ametoa embe moja bila ruhusa.

A. K. Ramanujan, mshairi na mtafiti aliyezaliwa Mysore mwaka 1929, aligundua kwamba watakatifu wanaume wa bhakti waliweza kubaki na wake zao na watoto wao, na utakatifu haukupungua. Wanawake karibu wote ilibidi wamalizane na ndoa kwanza: kuikataa, kuikimbia, kufiwa nayo, au kuigeuza mungu awe mume. Akka Mahadevi, huko Karnataka karne ya 12, alimwacha mtawala aliyemtaka, akaacha na nguo, akatembea amejifunika nywele zake hadi kwenye baraza la waumini wa Shiva mjini Kalyana. Huko mkuu wa baraza, Allama Prabhu, alimhoji: kama umevua mavazi kwa kutojali mwili, mbona nywele zimeachwa zikufunike? Akajibu, wakaridhika, wakamwita dada mkubwa. Sijasoma mahali popote kwamba mwanamume wa baraza hilo alihojiwa juu ya nywele zake.

Na Mirabai, maarufu kuliko wote, binti wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan, aliyezaliwa yapata 1498, akaozwa katika nyumba ya Mewar na kusema tangu mwanzo kwamba mumewe ni mungu Krishna. Masimulizi yanasema wakwe walimpelekea kikombe cha sumu, akanywa, haikumdhuru. Nyimbo zake zimesafiri na Wahindi hadi Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Mimi namheshimu Mirabai, lakini sina wasiwasi naye sana. Alikuwa binti wa watawala. Hata alipotoroka alitoroka akiwa na jina.

Aliye karibu nasi zaidi hatuna haja ya kumtafuta India. Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, kaskazini magharibi ya hapa, ndani ya ile iliyokuwa Province Orientale pamoja na Ituri yetu. Alikuwa mmoja wa mabinti sita. Baba yake alimwacha mama kwa sababu alimzalia mabinti tu, akaoa mwingine. Katika nyumba hiyo, iliyohukumiwa kwa kukosa mvulana, akakua mtoto aliyetaka kuwa sista. Aliambiwa ni mdogo. Basi siku lori la misheni lilipokuja kuchukua wasichana wa kwenda Bafwabaka kuanza malezi ya utawa, Anuarite alipanda pamoja nao bila kumwambia mama yake. Mwaka 1959 aliweka nadhiri, akapewa jina la Marie-Clémentine. Baadaye familia ilimtaka arudi kusaidia nyumbani, akabaki alipo.

Yaliyofuata kila mtoto wa shule ya Kikatoliki anayajua. Mwaka 1964 waasi wa Simba walifika Bafwabaka, wakawachukua masista, wakawapeleka Isiro. Kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake, akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba aliuawa na ofisa mwingine, Kanali Olombe. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenyeheri, na katika ziara hiyo akatamka msamaha kwa aliyemwua.

Picha yake ipo katika parokia nyingi za mashariki. Anasifiwa kwa usiku ule wa Isiro, na ni haki yake. Ila naona tunamsifu mahali penye usalama, pale alipokwisha kufa. Lile lori la Wamba ndilo linalonifanya nifikiri. Mtoto wa kike, mama ameachwa, mikono ya kazi nyumbani ni michache, na yeye anapanda gari aondoke kwa sababu kuna Mtu anayemtaka zaidi. Padre akihubiri habari za Isiro, akina baba wanatikisa vichwa kwa kukubali. Akihubiri habari za lori, sijui kama wangetikisa. Hata mama yake nisingemlaumu kama angelia. Aliyeondoka alikuwa pia mtu wa kuteka maji.

Wapo na wengine wa jirani, wasio wa kanisa. Ng'ambo ya ziwa letu ni Bunyoro, nchini Uganda. Mwanzoni mwa 2018, mapigano yalipowaka hapa Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa mitumbwi kutoka fuko hizi, wengi wakaishia Kyangwali, na waliofika hawakuhitaji mkalimani kwa muda mrefu, maana Kihema cha huku na Kinyoro cha kule ni mtu na ndugu yake. Kule ndiko kulikokuwa na kitovu cha kubandwa, ibada ya pepo wa Bachwezi, watawala wa kale waliotoweka. Anayeingizwa alifundishwa maneno ya siri, akapewa jina, akahesabiwa kuwa amezaliwa upya, na pepo akimpanda husema kwa kinywa chake. Wanawake walikuwa wengi katika kazi hiyo. Mwanahistoria Iris Berger, aliyechunguza ibada hizi katika nchi za Maziwa Makuu, anaeleza kwamba mwanamke aliyepandwa na pepo aliweza kuvaa kiume, kushika mkuki, kuketi kwenye kiti ambacho siku nyingine hangekigusa, na kusema mbele ya wanaume wakanyamaza. Berger haongezi chumvi. Anaonyesha pia kwamba kwa walio wengi heshima hiyo ilidumu kadiri pepo alivyodumu kichwani. Akishuka, mwanamke anarudi jikoni. Wachache tu, waliokuwa makuhani wa kudumu, walibaki na cheo chao, na mali pia.

John Beattie, aliyekaa Bunyoro mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuta pepo wapya wameongezeka kando ya Bachwezi: pepo wa ndege, pepo wa kifaru cha vita, hata pepo wa Upolandi. Wakimbizi kutoka Poland waliletwa wakati wa vita kuu ya pili wakawekwa Nyabyeya, karibu na Masindi, na msiba wao ukaonekana ni mkubwa kiasi cha kuwa na pepo wake. Ninalipenda jambo hili kuliko ninavyoweza kueleza. Mwanamke wa Kinyoro amewaona wageni weupe waliopoteza kila kitu, na ibada yake ikawapa nafasi kabla serikali haijajua iwafanye nini.

Serikali za kikoloni hazikucheka na wanawake wa aina hii. Kusini zaidi, mpakani mwa Kigezi, Rwanda na Rutshuru, alikuwepo Muhumusa, aliyesema kwa uwezo wa Nyabingi, pepo wa kike. Watu walimfuata kwa silaha. Waingereza walimkamata mwaka 1911 wakamweka Kampala, na huko alikaa hadi kufa kwake mwaka 1945. Sheria ya uchawi ya Uganda ya mwaka 1912 ilikuja kutumika dhidi ya watu wa Nyabingi. Mwanamke akiota, ni dini. Akianza kuwa na wafuasi, ni kesi.

Na mlango ukishafunguliwa na mwanamke, waliokuja nyuma huufunga kwa upole, kwa kanuni. Mwaka 1963, nchini Kenya, Gaudencia Aoko, mama kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wake, alizunguka akibatiza umati wa watu katika vuguvugu lililozaa kanisa la Legio Maria. Kanisa hilo leo lina makasisi na maaskofu, na wote ni wanaume. Nairobi kuna hekalu la Kihindi la BAPS lililofunguliwa mwaka 1999, la mawe na mbao zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu. Ni la mkondo wa Swaminarayan, tawi la bhakti lililozaliwa Gujarat karne ya 19. Humo wanawake na wanaume huketi mbalimbali, na watawa wa kiume, kwa nadhiri yao, hawasemi na mwanamke. Waumini wenyewe watakueleza, na wana hoja, kwamba wanawake wana mikutano yao wanayoiendesha wao, bila mwanamume kuwasimamia mabegani. Hata hivyo nakumbuka kisa cha Mirabai alipofika Vrindavan na kutaka kumwona mtaalamu Jiva Goswami. Akaambiwa bwana huyo haonani na wanawake. Mirabai akajibu kwamba alidhani Vrindavan kuna mwanamume mmoja tu, naye ni Krishna. Kumbe yuko na wa pili? Jiva Goswami alitoka nje mwenyewe.

Huku kwetu sina haja ya kunyoosha kidole mbali. Katika makanisa mengi ya ufuko huu, wamama ndio wanaojaza mabenchi, wanaoimba, wanaofagia, wanaowapikia wageni wa sinodi na kuwauguza waliolazwa bila ndugu. Tchomia iliposhambuliwa tarehe 31 Mei 2003 na damu ikamwagika hadi hospitalini, waliobaki waliendelea kusali, na sauti uliyoisikia zaidi ni ya wamama. Mimbari ni habari nyingine. Mama akihubiri, mara nyingi ni Jumapili ya wamama, na shukrani za mchungaji baada ya hapo hurefuka kidogo kuliko inavyohitajika.

Kuna jambo lililo chini zaidi, ambalo wazee wataniambia ningeliacha. Bahema ni watu wa ng'ombe, na kwa desturi ya wafugaji wa pande hizi mwanamke aliye katika siku zake hakunywa maziwa, asije akawadhuru ng'ombe. Wengi wameacha, woga wenyewe umehamia kwingine, na bado wapo wanaoona vibaya mwanamke kukaribia vyombo vitakatifu siku hizo. Karne ya 14, kwa Wamaratha, alikuwepo Soyrabai, mke wa Chokhamela. Walikuwa Wamahar, watu wa kubeba mizoga, wasioruhusiwa kuingia hekaluni Pandharpur. Alikuwa najisi mara mbili, kwa tabaka na kwa kuwa mwanamke. Hakuomba asafishwe. Alihoji: mwili gani haukutoka katika damu hiyo? Kama hiyo ndiyo najisi, mtu safi yuko wapi? Wimbo wake haukumfungulia mlango wa hekalu, na waliolisikia swali hilo hawakulijibu. Miaka 600 na zaidi imepita, nami sijasikia katekista wala mchungaji aliyelijibu.

Kati ya wale wanawake wa India, wa mwisho kwa wakati ni Bahinabai, aliyezaliwa 1628 akafa 1700. Huyu hakutoroka. Aliozwa mtoto mdogo kwa Mbrahmani aliyefiwa na mke, mtu mzima. Alipoanza kumwona katika njozi Tukaram, mtunzi wa nyimbo kutoka tabaka la Shudra, na kumchukua kuwa mwalimu wake, mume alimpiga. Aibu ilikuwa kubwa: mke wa Mbrahmani ajifunze kwa Shudra! Tunajua alipigwa kwa sababu alisema mwenyewe, katika masimulizi ya maisha yake aliyoyatunga kwa beti. Alibaki katika ndoa. Alimheshimu mume, akamwuguza alipougua, na mume akalainika baadaye, wakahamia Dehu alikoishi Tukaram. Wapo wanaomwona mnyonge kwa sababu hiyo. Mimi nasema wanawake wengi wa Tchomia wangemwelewa bila maelezo, na wangejua pia ni kitu gani alikuwa akifanya alipokiweka kipigo ndani ya wimbo ambao watu wataukariri.

Kule Dehu, Bahinabai bila shaka alimjua mke wa Tukaram, Jijabai, ambaye majirani walimwita Avalai. Mke wa kwanza wa Tukaram alikufa kwa njaa katika ukame mkubwa. Wa pili alikuwa huyu, mwenye ulimi mkali. Mume alikuwa mchuuzi wa nafaka, lakini duka lilikufa mikononi mwake. Alikuwa mlimani akiimba, naye Avalai akimpandishia chakula huko juu kwa miguu, akimtukana Vitthal njiani kwa kumharibia nyumba. Wanasimulia kwamba siku moja Tukaram alipewa mzigo wa miwa. Njiani watoto wakamzunguka, akagawa mmoja mmoja, akafika nyumbani na muwa mmoja. Avalai akauchukua akampiga nao mgongoni, ukavunjika. Tukaram akacheka, akasema vyema, umetugawia sawasawa.

Kisa hiki kinapendwa sana, na husimuliwa ili kuonyesha uvumilivu wa mtakatifu. Watu hucheka, nami nilicheka. Avalai hayumo katika orodha yoyote ya watakatifu, hakuacha wimbo, na hakuna msimulizi anayeendelea kidogo tu baada ya kicheko kutuambia watoto wake walikula nini jioni ile.